Msanii huru ni nani hasa?

Jumapili iliyopita nilikuwa napiga pasi sare za watoto, redio ikiwa wazi mezani. Mtangazaji alikuwa na mgeni, kijana mwenye sauti tulivu na nyimbo tatu mtandaoni, akamtambulisha kwamba ni msanii huru kwa sababu hadi leo hajasainiwa na lebo yoyote. Kijana akaitika kwa unyonge, kama mtu aliyeulizwa mbele ya wakwe mbona bado hana kazi. Haikupita robo saa, ukapigwa wimbo wa Robyn, yule mwimbaji wa Uswidi, na mtangazaji yuleyule akasema naye ni msanii huru, lebo zilimtema akabaki anapambana mwenyewe.

Kosa hili nimelisikia mara nyingi na kila mara nimelinyamazia. Safari hii nilichomoa pasi nikakaa kuandika.

Maana yenyewe ni fupi. Lebo ni kampuni inayotoa fedha za kurekodi, kutangaza na kusambaza muziki, na mara nyingi rekodi zinabaki kuwa mali yake. Msanii huru ni yule ambaye rekodi zake ni zake, na neno la mwisho kuhusu wimbo upi utoke, lini na kwa sura gani, ni lake pia. Asiye na lebo kwa kuwa hajaipata hana jina maalumu. Hana lebo, basi. Huenda yuko huru, huenda hayuko: wapo vijana wengi wasiosainiwa na kampuni yoyote, lakini nyimbo zao zote ziko kwa prodyuza aliyewarekodia bure au kwa meneja aliyelipia studio, na wao hawana hata karatasi moja mkononi.

Nimetaja karatasi, na ndiko ninakotaka kwenda, maana maneno haya mawili, lebo na huru, yote yamezaliwa kwenye karatasi.

"Lebo" tumelitoa kwa Waingereza, nao wakalitoa kwenye Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa utepe au kipande cha kitambaa kinachoning'inia. Utepe huo ukaja kushikizwa kwenye hati, kisha ukawa kibandiko cha kuonyesha kilichomo ndani ya kitu, chupani, mfukoni, mpaka katikati ya santuri. Babu yangu wa upande wa mama alikuwa na santuri zake ndani ya sanduku la mbao, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuzishika kwa ukingo tu. Katikati ya kila moja palikuwa na duara la karatasi, jekundu au la buluu, lenye tundu. Juu ya tundu, kwa herufi kubwa, jina la kampuni. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la wimbo na la bendi. Na kuzunguka ukingo wa duara, kwa maandishi ya kukodolea macho, mstari uliokataza mtu yeyote kunakili au kuipiga hadharani sahani ile bila idhini ya mwenyewe. Watu wakazoea kuiita kampuni nzima kwa jina la kikaratasi hicho. Kwa hiyo kila anayesema "lebo", ajue asijue, anataja karatasi inayosema mali hii ni ya nani.

Enzi za kanda jambo hili tulikuwa na namna yetu ya kulisema: kuuza masta. Msanii alimkabidhi msambazaji rekodi mama, akapewa fedha mkononi, na tangu siku hiyo kanda zikiuzwa mia au laki si hesabu yake tena.

Neno linaloniuma zaidi ni "huru". Asili yake ni Kiarabu, na kabla halijawa neno la bendera na mwenge lilikuwa na kazi moja nzito ya kisheria: kumtaja mtu asiye mtumwa. Watu wa pwani walikuwa na neno jingine la mtu aliyezaliwa bila kudaiwa na yeyote, mwungwana. Kumwacha mtu huru kulikuwa kitendo, chenye siku yake, mashahidi wake na hati yake. Hata amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897, iliyofuta utumwa kisheria, haikuwafungulia wote kwa pigo moja. Aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mahakamani kuudai, akatoka na cheti. Wengine walikwenda, wengine hawakwenda. Ndiyo sababu nalisikia neno hili kwa uzito: linasema palikuwa na kifungo, na kwamba mahali fulani ipo karatasi inayoonyesha kimefunguliwa.

Mkataba wa muziki si utumwa, na sitalinganisha mateso ya watu wale na ya mtu aliyetia saini kwa kalamu yake mwenyewe. Prince, mwimbaji wa Marekani, alilinganisha. Katika miaka ya 1990, alipokuwa akivutana na lebo yake, Warner, alipanda majukwaani akiwa ameandika neno "mtumwa" shavuni. Hilo namwachia yeye. Mimi nachukua kitu kidogo tu, kwamba huru ni mtu anayeweza kukueleza alitoka wapi na alitoka na nini.

Sasa turudi kwa Robyn, maana kati ya waimbaji wote ambao mtangazaji angeweza kuwataja, huyu maisha yake yote ya kazi ni ufafanuzi wa neno hili.

Jina lake ni Robin Miriam Carlsson, mzaliwa wa Stockholm, 1979. Wazazi wake walikuwa watu wa maigizo, na utotoni alizunguka nao kundi lao liliposafiri. Akiwa na miaka 9 alikuwa tayari amepanda jukwaa la Dramaten, ukumbi wa taifa wa tamthilia, na mwaka 1989 sauti yake ilisikika katika filamu ya katuni ya Kiswidi. Mwaka 1991 aliimba wimbo wa kipindi cha michezo cha watoto kwenye televisheni. Baadaye mwimbaji Meja alitembelea shule yake, akamsikia akiimba, na mlango wa kampuni za muziki ukafunguka. Kampuni iliyomsaini iliitwa Ricochet, ndogo, ya hapohapo Uswidi, nayo ikamezwa na kubwa, BMG. Hapo tayari kuna la kujifunza kuhusu lebo: unaweza kusaini na jirani ukaamka mali ya mtu usiyemjua, na wewe hukuulizwa.

Albamu ya kwanza ilitoka 1995, akiwa na miaka 16. Baadhi ya nyimbo alizitengeneza na watayarishaji Denniz Pop na Max Martin, wale wa studio ya Cheiron ya Stockholm, na mwaka 1997 mbili kati ya hizo zilifika nafasi ya 7 kwenye chati ya Billboard huko Marekani. Binti wa miaka 18, nyimbo mbili ndani ya kumi bora za Marekani kwa mwaka mmoja. Alichoka kiasi cha kurudi nyumbani kupumzika.

Kisha ikaja 1999, na hapa naomba tusimame kidogo. Albamu yake ya pili ilikuwa na nyimbo zilizogusa mimba aliyoitoa kabla hajafika miaka 20. Kampuni ya Marekani ilitaka mabadiliko. Robyn alikataa. Albamu haikutolewa Marekani. Ukiulizwa mtu asiye huru katika muziki anafananaje, anafanana hivyo. Uwezo wa kukataa alikuwa nao, na aliutumia. Uwezo wa kuchukua albamu yake na kuipeleka mwenyewe kwa watu waliokuwa wakiisubiri hakuwa nao, kwa sababu albamu haikuwa yake. Na huyu alikuwa na lebo, alikuwa na jina, alikuwa na fedha. Mtangazaji angemtazama siku hiyo angesema amefika.

Mwaka 2001 akahamia Jive. Mwaka uliofuata, BMG ikainunua kampuni mama ya Jive. Amehama nyumba, mwenye nyumba wa zamani akainunua na aliyohamia.

Kilichomwondoa kabisa ni wimbo mmoja. Alikuwa amewasikia The Knife, ndugu wawili wa Uswidi, dada na kaka, waliokuwa wakifanya muziki wa elektroniki wenye baridi na makali, akaenda kutengeneza nao wimbo. Kampuni haikuupenda. Kwa hiyo ile habari ya kutemwa ni kinyume chake. Ni yeye aliyetaka kutoka, akajikomboa kwenye mkataba, na mwaka 2005 akaanzisha kampuni yake, Konichiwa Records. Nimechagua neno kujikomboa makusudi, kwa sababu Kiswahili kimelitunza vizuri: anayekomboa kitu anakilipia.

Albamu ya kwanza ya kampuni hiyo aliipa jina lake mwenyewe, Robyn, na ule wimbo uliokataliwa umo ndani. Ilishika nafasi ya kwanza Uswidi. Agosti 2007 wimbo aliofanya na Kleerup, mtayarishaji wa muziki wa Uswidi, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 2010 aliachia Body Talk kwa mafungu, albamu mbili fupi, Juni na Septemba, kisha nzima Novemba. Halafu albamu yake mwenyewe iliyofuata haikutoka mpaka 2018. Katikati alimpoteza Christian Falk, mtayarishaji na rafiki yake wa siku nyingi, aliyefariki 2014. Miaka minane ni mingi katika pop. Lakini mwenye kampuni alikuwa yeye, na kalenda ilikuwa yake.

Hapo pia ndipo lile neno la mtangazaji, "anapambana mwenyewe", linapoanguka. Machi 2019 Robyn aliimba katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mashabiki walipotoka waliteremka kusubiri treni ya chini ya ardhi, na wakiwa pale kwenye kituo wakauimba tena wimbo wake wa 2010 kuhusu mtu anayecheza peke yake ukumbini huku akimtazama mpenzi wake wa zamani na mtu mwingine. Kituo kizima, sauti moja, video zikazunguka dunia. Sioni mnyonge hapo wa kuonewa huruma.

Wapo watakaoniambia kwamba basi Robyn naye si huru, maana muziki wake umepitia Island kule Uingereza na Interscope kule Marekani, kampuni kubwa zote mbili. Hoja hii ni ya maana na naijibu kwa nyumba. Mwenye nyumba akimpangisha mtu, nyumba haijauzwa. Mpangaji anakaa, analipa, muda ukiisha funguo zinarudi. Konichiwa ilifanya kazi na wakubwa kama mwenye mali anayeingia makubaliano ya usambazaji. Msanii aliyeuza masta ameuza nyumba, na hata akiendelea kulala sebuleni ni mgeni. Kwa hiyo kuwa huru hakuhitaji mtu auze nyimbo zake kwa mkono stendi, na wala kufanya kazi na kampuni kubwa hakukuondolei uhuru. Yote yanategemea nini umetoa, kwa muda gani, na kinarudi kwa nani.

Na uhuru huo haurudi nyuma. Anayejikomboa leo kwa kawaida anaziacha rekodi za jana kwa aliyezilipia, hata kama ndizo watu wanazomkumbuka nazo. Ukitia saini ukiwa na miaka 15, ile sauti yako ya miaka 15 inaweza kubaki kwa wengine uzeeni mwako.

Haya yote hayahitaji kubahatisha. Ukifungua albamu yoyote kwenye simu ukateremka mpaka chini kabisa, chini ya wimbo wa mwisho, utakuta mstari mdogo wenye herufi P ndani ya duara, mwaka, na jina. Alama hiyo imetokana na mkataba wa kimataifa uliofanyika Roma mwaka 1961, na kazi yake ni moja, kutaja mwenye haki ya rekodi. Usiichanganye na C ndani ya duara, ambayo ni alama ya hakimiliki kwa jumla. Wala usiichanganye na haki ya mtunzi, maana mtu anaweza kuwa ametunga kila neno na kila noti na bado rekodi si yake. Mstari huo wa P ndio mrithi wa ile duara ya karatasi ya babu yangu. Jina la mwimbaji, au la kampuni yake mwenyewe, likiwa pale, una sababu nzuri ya kumwita huru. Likiwa jingine, uliza kwanza.

Mtangazaji wangu, nakusikiliza kila Jumapili na nitaendelea. Kwa yule kijana, "bado hajasainiwa" ilitosha kabisa, na isingemwinamisha kichwa. Akirudi studioni kwako muulize swali moja tu hewani, masta za nyimbo zake tatu anazo nani. Akisema anazo yeye, na ana karatasi, mwite msanii huru kwa sauti kubwa, naye atajua kwa nini umemwita hivyo.