Mzigo wa pili ndio unaomwonyesha muuzaji wa vifungashio

Sampuli karibu zote huwa nzuri. Muuzaji anakuchagulia chupa iliyonyooka, kizibo kinachoshika, kifuko ambacho sili yake haina kovu. Mzigo wa kwanza nao mara nyingi hufika salama, kwa sababu anataka urudi. Matatizo huja na mzigo wa pili: chupa nyepesi kuliko zile za mwanzo, vizibo vinavyozunguka bila kukaza, vifuko vilivyopungua sentimita moja hadi lebo ulizokwisha kuchapa hazikai. Kwa hiyo ninapozungumzia kuchagua muuzaji wa vifungashio kwa biashara ndogo ya mafuta, karanga, asali au unga hapa Dodoma, sianzi na bei. Naanza na njia ya kumbana ili mzigo wa pili ufanane na wa kwanza.

Njia hiyo ni karatasi moja. "Nataka chupa za lita moja za mafuta" si oda, ni maombi. Andika aina ya plastiki, ujazo, uzito wa chupa tupu kwa gramu, kipimo cha shingo, aina ya kizibo na idadi katika kila robota. Muuzaji anayejua kazi atakujibu kwa namba. Asiyejua atakwambia "zipo hizi hizi wanazochukua wote", na hapo umeshapata jibu lako.

Uzito ndio mahali pa kwanza pa kupunjwa. Kiwanda hununua plastiki kwa kilo, kwa hiyo chupa ikishushwa kutoka gramu 28 hadi 24, kila chupa 1,000 zinamwokolea kilo 4. Kwa macho huoni kitu. Utaona ukishapanga maboksi matano juu kwa juu: chupa za chini zinakunja kiuno, kizibo kinalegea, mafuta yanalowesha boksi. Mizani ya jikoni ya dijitali inatosha. Pima chupa 20 kwa pamoja, gawanya, halafu pima tano moja moja. Zikipishana zaidi ya gramu moja au mbili, uliza kabla ya kulipa.

Shingo nayo ina mtego wake. Chupa mbili zinaweza kuitwa zote "shingo 28", yaani milimita 28 kwa upana, na vizibo vyake visiingiliane. Viwanda hutofautisha shingo hizo kwa namba: ile ya 1810 ina shingo ya takriban milimita 21 kwenda juu, ile ya 1881 ni fupi, takriban 17, na nyuzi zake ni tofauti. Kizibo cha moja ukikifunga kwenye nyingine kitaonekana kimekaa, ila ukilaza chupa usiku mmoja juu ya karatasi utakuta alama ya mafuta asubuhi. Ndiyo maana sipendi kununua chupa kwa mmoja na vizibo kwa mwingine, hata kama vizibo vya yule wa pili ni nusu bei. Vikivuja, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Kuhusu ujazo, wauza asali ya Manyoni na Singida wasikilize hapa. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, wakati lita ya mafuta ya alizeti ni karibu gramu 920. Chupa ya mililita 500 inabeba takriban gramu 700 za asali. Ukitaka kuuza nusu kilo, tafuta chombo cha mililita 360 hivi na nafasi kidogo ya juu, vinginevyo mteja ataona chupa imejaa robo tatu na kudhani umemwibia. Na ukiandika "500 g" kwenye lebo ya mafuta yaliyojazwa kwenye chupa ya mililita 500, hapo umepunja kweli, na Wakala wa Vipimo hawatauliza kama ulikusudia.

Sasa aina ya kifungashio, maana muuzaji asiyejua bidhaa yako atakuuzia alichonacho stoo. Chupa ya kawaida ya PET, plastiki ile angavu ya chupa za maji, haivumilii joto: kuanzia nyuzi 70 hivi inaanza kulegea. Wanaotengeneza juisi ya zabibu na kuijaza ikiwa ya moto, nyuzi 85, wanajua inavyosinyaa na kupinda kitako. Kwa juisi ya moto, tumia kioo au PET iliyotengenezwa mahsusi kwa joto, na muuzaji akuandikie hivyo. Mafuta ya alizeti nayo yaache yapoe kabisa baada ya kuchuja. Ukiyajaza yakiwa vuguvugu na kufunga, yakipoa yanavuta chupa ndani.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalifikirii. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko pwani. Vifuko vilivyofungwa Dar vikiwa na hewa nyingi vinafika hapa vimevimba na sili inavutika. Vilivyofungwa hapa vikishuka Dar vinanywea. Toa hewa ya ziada kabla ya kusili, na kama soko lako liko pwani, usichukue chupa zenye ukuta mwembamba.

Karanga na siagi ya karanga zina adui watatu: hewa, mwanga na joto. Kifuko cha krafti, ile karatasi ngumu ya kahawia, chenye kidirisha kinapendeza sana mezani, lakini kidirisha ndicho kinachoingiza mwanga, na krafti isiyo na tabaka la plastiki ndani inalowa mafuta ndani ya siku chache. Kwa karanga za kukaa dukani miezi kadhaa, chagua kifuko chenye foili ya aluminiamu ndani. Ukitaka krafti kwa ajili ya sura, sawa, ila punguza muda wa matumizi unaoandika.

Kwa kopo la siagi ya karanga, angalia ile sili ya chini ya kifuniko. Zipo za kubandika kwa mgandamizo tu, zenye sponji. Hizo hazishiki vizuri mdomo wenye mafuta. Za foili zinazochomwa kwa mashine ya induksheni, inayopasha foili joto kwa sumaku-umeme, zinashika, kwa masharti mawili: mdomo uwe mkavu, na foili ifanane na plastiki ya kopo. Foili yenye tabaka la plastiki ya PE haishiki kwenye kopo la PET hata ukichoma mara tatu. Wengi huilaumu mashine, kumbe kosa liko kwenye oda.

Kwa wauzaji wenyewe, una makundi matatu. Kuna maduka ya hapa mjini yanayouza kwa robota au hata kwa dazeni, kuna wauzaji wa jumla wa Kariakoo, na kuna viwanda, vingi vikiwa Dar es Salaam. Duka la hapa lina faida ya kurudisha mzigo siku hiyo hiyo, lakini mara nyingi halitengenezi: leo limechukua kiwanda hiki, mwezi ujao kile kilichokuwa na bei nafuu. Muulize mwenye duka mzigo umetoka kiwanda gani, na aandike jina hilo kwenye profoma, ile ankara ya awali. Mjasiriamali mpya asiyejua pa kuanzia apitie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, aulize.

Bei ya Dar huwa tamu kwenye simu. Ifuate mpaka mlangoni kwako. Chukua mfano wa namba za kubuni: chupa ni shilingi 300 Dar na 370 hapa. Chupa 2,000 za lita moja zinakula kama mita za ujazo tatu na nusu, yaani umekodi gari kusafirisha hewa kilomita 450. Usafiri ukiwa 60,000, kila chupa imefika 330. Chupa nne katika kila mia zikiwa mbovu, nzuri zinakugharimu karibu 344 kila moja. Umeokoa shilingi 26 kwa kila chupa nzuri, karibu 50,000 kwa mzigo mzima. Safari moja ya kwenda kudai mbovu inazimaliza zote. Linganisha pia bei zikiwa na VAT ya asilimia 18 ndani, hasa kama hujasajiliwa na huwezi kuirudisha.

Mtu anayetumia chini ya chupa 1,000 kwa mwezi, ushauri wangu ni anunue hapa hapa na akubali kulipa zaidi kidogo. Muuzaji akikushawishi uchukue 10,000 ili ashushe bei, hesabu: ukitumia 500 kwa mwezi hiyo ni miezi 20, milioni tatu zimelala stoo zikila vumbi la Dodoma na kutembelewa na panya. Vifuko vya kuchapwa rangi ni vivyo hivyo. Uchapaji wa silinda unadai idadi kubwa na gharama ya silinda kwa kila rangi. Anza na kifuko kisichochapwa na stika ya plastiki. Stika ya karatasi usiiweke kwenye mafuta. Tone moja likishuka ubavuni, wino unakimbia na gundi inaachia.

Majaribio yafanye kwa bidhaa yako mwenyewe, maji peke yake hayatoshi, kwa sababu mafuta hupita pale maji yasipopita. Jaza chupa 12, zilaze usiku kucha juu ya karatasi kavu. Dondosha tatu kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ya saruji: moja kwa kitako, moja kwa ubavu, moja kwa kizibo. Kifuko kilichosiliwa kizamishe kwenye ndoo ya maji na kukibana. Mapovu yakitoka kwenye kona, ama joto la mashine ni dogo au kuna unga umekaa kwenye sili. Futa mdomo wa kifuko kabla hujamkasirikia muuzaji.

Kisheria, katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilihusu ya kubebea, halikufuta vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa. Hata hivyo omba uthibitisho kwamba plastiki ni ya daraja la chakula. Maofisa wa TBS, shirika la viwango, watakapokuja kukagua bidhaa, watataka kujua. Ndoo za rangi na chupa za maji zilizookotwa na kuoshwa, usiguse.

Kwenye malipo, toa kishika uchumba cha asilimia 30 hadi 50, na kilichobaki ulipe baada ya kupima mzigo, siyo baada ya kuuona. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Oda kubwa ziweke mapema, kabla ya mavuno ya alizeti ya kuanzia Mei: msimu ukifika kila mwenye kinu anatafuta chupa, na ndipo zile nyepesi zinapotoka stoo.

Mzigo wa pili ukifika, toa kabatini sampuli ya mwanzo, ambayo wewe na muuzaji mnapaswa kuwa mliitia saini mlipokubaliana, uiweke pembeni na ugeuze vitako. Katikati kuna pembetatu yenye namba ya plastiki, 1 kwa PET, 2 kwa HDPE, 5 kwa PP. Mara nyingi pembeni yake kuna namba nyingine ndogo, ya tundu la moldi, yaani kalibu ya kiwandani, iliyoizaa chupa ile. Zinazovuja zitenge na usome namba hizo. Zikiwa mchanganyiko, shuku vizibo au namna unavyokaza. Zote zikiwa na namba moja, tuseme 4, tundu hilo limechakaa. Mpigie muuzaji umwambie atoe chupa zote za namba 4, na hatakuwa na la kubisha.