Bomba linagonga usiku: yanayosemwa mtaani na kilichomo ndani ya paipu

Kwa shangazi yangu Jang'ombe maji ya bomba huja usiku, saa nane saa tisa hivi, na kuna kipindi kila yakija nyumba inaanza du-du-du-du kama mtu anapiga mlango kwa ngumi, watoto wanaamka wanalia, bi mkubwa anakaa kitandani anasoma Ayatul Kursiy, na fundi wa kwanza alipokuja akasema paipu imeoza ndani ya ukuta lazima uvunjwe kutoka chooni mpaka jikoni. Iliniuma sana, kwa sababu ule ukuta ulipakwa rangi juzi tu kabla ya harusi.

"Ni mashetani hayo." Hili nimelisikia Unguja na nimelisikia Pemba. Dua ni jambo jema na asiwepo wa kumkataza mtu, lakini sauti inayoanza maji yakija na kunyamaza tangi likishajaa, hiyo ni ya maji. Usiku ule nilipanda juu ya dari na tochi ya simu, nikafunua kifuniko cha tangi, nikaona kwa macho yangu boya linarukaruka, mkono wake unapanda unashuka upesi upesi na kila ukipanda paipu nzima inatetemeka. Inakuwa hivi: tangi likikaribia kujaa boya linakuwa limeshaziba njia karibu yote, maji yanapenya kwa nguvu kwenye kitundu kidogo, yanatia mawimbi juu ya tangi, wimbi linanyanyua boya njia inafunga, linashuka njia inafunguka, na kila kufunga ni pigo moja linalosafiri mpaka chumbani. Dawa yake tulibadilisha washa, kile kipande kidogo cha mpira kinachoziba maji ndani ya valvu ya boya, maana ilishalika upande mmoja, halafu tukafunga kopo la plastiki kwa waya chini ya mkono wa boya, lizame ndani ya maji, likawa linauzuia mkono usiruke. Na paipu inayoingia tangini tukaikaza kwa klipu. Ukuta haukuguswa.

"Presha kubwa ndio raha, yaache yapige." Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa. Paipu ya nusu inchi yenye urefu wa mita 10 ina maji ya zaidi ya kilo moja, na yale maji yanakwenda mbio, sasa wewe unafunga mfereji kwa ghafla, hasa hii ya kisasa ya kuzungusha robo tu, ile kilo haina pa kwenda inajipiga mwisho wa paipu kama gari iliyogonga ukuta, unasikia du! Mashine ya kufulia ndio mbaya zaidi kwa sababu valvu yake inajifunga yenyewe kwa kasi kuliko mkono wa mtu. Pigo hilo linapita presha ya kawaida mara nyingi, na likirudiwa kila siku linalegeza elbo za kwenye kona na maungio, mwisho unakuta dari ina doa la maji. Jaribu hivi: funga mfereji ule ule polepole, kama mlio haupo basi ushajua ugonjwa. Punguza geti valvu, ile koki kubwa ya pale maji yanapoingia nyumbani, tia klipu paipu zote zinazocheza, na karibu na ile mashine fundi anaweza kusimamisha kipande cha paipu kilichozibwa juu, ndani yake kunabaki hewa inayobonyea na kupokea lile pigo. Hewa hiyo hupotea kidogo kidogo kwenye maji, kwa hiyo kila baada ya muda unafunga valvu kubwa, unafungua mfereji wa chini kabisa na wa juu kabisa, maji yote yatoke, hewa irudi.

Ila kama maji yako yanateremka kwenye tangi tu bila pampu, sababu hii ni ya nadra. Kila mita 10 za kwenda juu ni presha ya bar 1, tangi lililo mita 4 juu ya mfereji linakupa 0.4 tu, halina ubavu wa kugonga hivyo. Tafuta upande wa maji yanayoingia tangini.

"Inalia kama filimbi, basi paipu imekufa." Jamani, kabla hujavunja tofali badilisha washa! Mlio wa kulia au kuvuma unaotoka mfereji ukiwa nusu wazi mara nyingi ni washa iliyolegea inatetemeka, au geti valvu haikufunguliwa sawasawa. Na maji yetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa, angalia birika lako lilivyo jeupe ndani, basi chokaa hiyo hiyo inakaa kwenye kichujio cha mdomo wa mfereji. Kifungue, kiroweke kwenye siki, kisugue.

"Paipu za plastiki hazina kelele." Zinapunguza pigo kweli, lakini zinacheza zaidi ya chuma na zinarefuka zikipata maji ya moto, kwa hiyo zinataka klipu nyingi zaidi. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe msumari unaoishia kwenye chokaa utatoka tu, utoboe mpaka kwenye jiwe ndio klipu ishike.

Kutema hewa na kukohoa maji yakirudi baada ya siku mbili si ugonjwa, fungua mfereji wa juu polepole mpaka hewa iishe. Lakini pampu ikinguruma kama imemeza kokoto usiseme ndivyo ilivyo, haipati maji ya kutosha au inavuta hewa, izime haraka kabla haijaungua.

Na nyie mnaokaa kwenye majumba ya Michenzani, msianze na kununua chochote. Paipu iliyosimama inabeba sauti ghorofa hadi ghorofa, mfereji mbovu unaweza kuwa wa jirani wa juu na kelele mkaisikia nyie. Mmoja abaki chumbani na simu, mwengine apite kwa majirani awaombe wafungue na kufunga mmoja mmoja, choo nacho kivutwe, mpaka yule wa chumbani aseme ndio huo huo.