Bando Halihusiki: Yanayosemwa Broka Akigoma

Hapa Chumbageni, Tanga, nimefunga kihisi cha kina cha maji kwenye tangi la juu ya paa. Kifaa cha ESP8266 (kompyuta ndogo sana yenye Wi-Fi) hutuma vipimo kwa MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe mfupi, hadi kompyuta ya sebuleni yenye Mosquitto, programu ambayo ndiyo broka, yaani mpokeaji na mgawaji wa ujumbe (jina lina mbu ndani yake, na pwani mbu si haba), na kifaa cha pili hupokea na kuzima pampu. Siku mambo yakigoma, kila jirani ana dawa yake.

"Bando limekwisha hilo." Hii ndiyo naisikia zaidi. Vifaa vilivyo kwenye ruta moja havihitaji intaneti ili kuzungumza. Laini ya nje hata ife, vipimo vinafika. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa ghali. Sisi ambao bomba la mafuta ghafi la Uganda linaishia kwetu Chongoleani tungeijua mapema!

"Pingi inajibu, kwa hiyo broka mzima." Hapana. Pingi huuliza kama mashine ipo, haiulizi kama poti 1883, mlango ambao broka hupokelea ujumbe, iko wazi. Mlinzi kuitikia getini si dalili kwamba mwenye nyumba yupo. Soma kosa lenyewe. Ukiambiwa umekataliwa, mara nyingi mashine umeifikia ila hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Ukingoja hadi muda ukaisha kimya, shuku anwani, faiawoli (programu inayozuia mawasiliano), au ruta iliyowekwa itenge vifaa visionane, kama mitandao ya wageni ilivyo.

Mimi nilipoteza Jumamosi nzima hapo. Kwenye kompyuta yenyewe kila kitu kilikwenda. Kifaa cha tangini kinakataliwa. Nikabadili ruta, nikashuka na kupanda ngazi mpaka magoti yakalalamika. Kumbe tangu toleo 2.0, la Desemba 2020, Mosquitto isipoelekezwa husikiliza mashine yake pekee. Kwenye faili la mipangilio andika listener 1883, halafu password_file na mahali faili la manenosiri lilipo, kisha mwanzishe broka upya. Wengi huweka allow_anonymous true, yaani yeyote aingie bila nenosiri, wakaenda kulala. Kwa majaribio sawa, lakini sitaki kila mgeni niliyempa Wi-Fi aweze kuwasha pampu yangu.

"Nimeandika localhost, mbona kompyuta imekubali?" Localhost maana yake ni "mashine hii hii": kwa kompyuta, ni kompyuta. Kwa kifaa cha tangini, ni kifaa chenyewe, na humo hamna broka. Kipe anwani ya kompyuta, uifunge kwenye ruta isibadilike, maana umeme ukikatika na kurudi anwani zinaweza kugawiwa upya.

"Kinaunganika, kinakatika, kinaunganika: Wi-Fi dhaifu." Huenda. Ila angalia kwanza kama vifaa viwili vina kitambulisho kimoja cha mteja (client ID), yaani jina ambalo kifaa hujitambulisha nalo kwa broka. Broka akipokea mwenye jina lilelile humtoa aliyetangulia. Aliyetolewa anarudi, anamtoa mwenzake, na mchezo hauishi. Hutokea ukinakili programu ya kifaa kimoja ukaimimina kwenye kingine bila kubadili jina. Vyangu vyote viwili viliitwa "jaribio".