Kampuni huru ya filamu na mfuko wa mkoa: maana yake nchini Uingereza

Hadithi ya filamu ya Shallow Grave, iliyotoka mwaka 1994, inatokea Edinburgh, katika nyumba ya kupanga wanamoishi vijana watatu. Nyumba hiyo lakini ilikuwa seti iliyojengwa Glasgow, kilomita zipatazo 70 kutoka Edinburgh, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa huko huko. Mwongozaji hakuuhama mji wa hadithi yake kwa sababu za kisanaa. Glasgow ilikuwa imeanzisha mfuko wake wa filamu mwaka 1993, mfuko huo ukatoa pauni 150,000, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kunufaika nao. Katika bajeti ya takriban pauni milioni 1, iliyobebwa zaidi na kituo cha televisheni cha Channel 4, kiasi hicho hakikuwa kidogo.

Mfano huo unabeba dhana zote mbili tunazozifafanua hapa. Ya kwanza ni kampuni huru ya filamu. Neno "huru" humfanya msomaji adhani kwamba kampuni hiyo haina wa kuiamuru, ilhali katika biashara ya filamu maana yake ni finyu zaidi: ni kampuni isiyomilikiwa na studio kubwa wala na shirika la utangazaji. Upande wa televisheni, kanuni za Uingereza zimeweka hata kipimo, kwamba mtayarishaji hahesabiwi kuwa huru iwapo shirika linalotangaza kwa watazamaji wa nchi hiyo linamiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa zake. Studio ya Hollywood ina fedha zake, wasambazaji wake na akiba ya kufidia filamu iliyoanguka sokoni. Kampuni huru kwa kawaida ina ofisi, watu wachache na haki ya mswada fulani. Fedha inazitafuta upya kila inapotaka kutengeneza filamu, na mara nyingi husajili kampuni nyingine ndogo kwa ajili ya filamu hiyo moja tu, ili hesabu na madeni yake yasichanganyike na ya kazi nyingine.

Msomaji aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi ataielewa hali hii haraka, kwa kuwa bajeti hujazwa kwa ahadi za wengi na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoa. Film4 au BBC Film, vitengo vya filamu vya Channel 4 na BBC, huweka sehemu yao kwa kubadilishana na haki za kuionyesha filamu. Taasisi ya Filamu ya Uingereza, yaani BFI, huongeza fedha zinazotokana na Bahati Nasibu ya Taifa. Msambazaji hununua haki za nchi fulani kabla kamera haijawashwa. Benki hukopesha kwa dhamana ya marejesho ya kodi yatakayolipwa baadaye. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa harusi hadai chake, ilhali hapa kila mmoja ana nafasi yake katika foleni ya kurejeshewa, na mkataba unaopanga foleni hiyo hujadiliwa kwa ukali kuliko mswada wenyewe. Mtayarishaji aliyeihangaikia filamu kwa miaka mingi mara nyingi husimama nyuma kabisa.

Dhana ya pili, mfuko wa mkoa, inahitaji tahadhari ya lugha, kwa sababu Kiswahili chetu huita "Uingereza" dola nzima na pia sehemu yake moja. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina vyombo vyao: Screen Scotland, Ffilm Cymru Wales na Northern Ireland Screen. Ndani ya England yenyewe, Baraza la Filamu la Uingereza, lililoundwa mwaka 2000, lilisimamia kuanzishwa kwa mashirika tisa ya mikoa. Serikali ilitangaza mwaka 2010 kwamba ingelivunja baraza hilo, shughuli zake zikahamia BFI mwaka 2011, na mengi ya mashirika yale tisa yakaunganishwa kuwa Creative England, ingawa Screen Yorkshire na Film London ziliendelea kusimama peke yake.

Sharti linaloutofautisha mfuko wa mkoa na fedha nyingine ni kwamba fedha yake hufuatana na mahali. Anayepewa hutakiwa kutumia kiasi kilichokubaliwa ndani ya eneo husika, kwa kuajiri mafundi wa umeme, maseremala, washonaji na madereva wa huko, kulala katika hoteli za huko na kukodi vifaa huko. Anayetoa fedha huuliza kwanza mafundi wangapi watapata kazi, ndipo aulize filamu inahusu nini, nami sioni aibu katika hilo, mradi lisemwe waziwazi. Fedha yenyewe si lazima iwe ruzuku. Screen Yorkshire, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2012 mfuko uliotokana na fedha za maendeleo za Umoja wa Ulaya, ambao uliingia katika kazi kama mwekezaji anayetarajia faida. Miongoni mwa kazi ulizowekeza ni tamthilia ya televisheni ya Peaky Blinders, hadithi ya Birmingham ambayo mitaa yake mingi ni ya Yorkshire na Liverpool.

Juu ya mifuko hiyo yote kuna unafuu wa kodi, ambao hautolewi kwa hiari ya kamati yoyote. Anayetimiza masharti hulipwa. Filamu hupimwa kwanza kwa mtihani wa utamaduni, unaotazama uhusiano wake na Uingereza, ambapo hutakiwa kupata alama 18 kati ya 35, au iwe imetengenezwa chini ya mkataba wa ushirikiano kati ya Uingereza na nchi nyingine. Kiwango cha kawaida ni asilimia 34, lakini bajeti ya serikali ya Machi 2024 ilileta kiwango cha asilimia 53 kwa filamu huru ambazo gharama zake za msingi, yaani za maandalizi, upigaji na uhariri, hazizidi pauni milioni 23.5. Tuchukue filamu yenye gharama za msingi za pauni milioni 5, zote zikitumika Uingereza. Kinachohesabiwa ni asilimia 80 tu, yaani milioni 4. Asilimia 53 yake ni milioni 2.12, nayo hukatwa kodi ya asilimia 25, hivyo mtayarishaji hubakiwa na milioni 1.59. Hiyo ni karibu theluthi moja ya gharama, na ndiyo benki huikopeshea mapema, ikijikatia riba na ada.

Kwa kuwa hesabu hutazama kazi iliyofanyika ndani ya nchi, filamu inayokwenda kupigwa nje ya nchi hupoteza kitu. The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyotayarishwa na kampuni huru ya London iitwayo Potboiler, ilipigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, ikiwamo Kibera na Loiyangalani. Ilitengenezwa kabla ya utaratibu wa mwaka 2007 uliozaa huu wa sasa. Kwa kanuni za leo, ujira wa fundi aliyefanya kazi Kibera usingehesabiwa, na ile asilimia 20 isiyoguswa ndiyo nafasi ambayo mtayarishaji angekuwa nayo ya kusafiri bila kupunguziwa chochote. Akipita hapo, kila siku ya ziada Kenya lazima alipiwe na mchangiaji mwingine.