Mpanda ngazi hushuka: mapaja ya Mombasa katika vilima vya Shimba

Jumatatu moja, mwendo wa saa tatu asubuhi, kijana mmoja alishuka ngazi za jengo letu kinyumenyume. Wagonjwa huandikishwa ghorofa ya kwanza, nasi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, tuko chini, kwa hiyo kila anayekuja kwetu lazima ateremke. Mkono mmoja alishika chuma cha ngazi, wa pili ameuegemeza ukutani, na kila kipago akikitafuta kwa ncha ya kidole cha mguu kama mtu anayeingia kisimani. Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akamwuliza, "Mwanangu, umegongwa na pikipiki?"

"Hapana, mama. Jumamosi nilienda kukimbia Kwale."

Huyu si mgonjwa wa ajabu. Tangu vikundi vya mbio vya mjini vianze kuvuka feri kwenda kukimbia njia za msituni, watu wa aina yake nawaona mara kwa mara, na karibu wote huniambia neno moja: "Kupanda nilipanda vizuri." Naamini. Kilima hakikuwaangusha walipokuwa wakikipanda. Kiliwakamata wakati wa kushuka, pale walipodhani kazi imekwisha.

Mombasa ni bapa kama sinia. Mtu anaweza kukimbia miaka kumi kutoka Mama Ngina hadi Nyali na kurudi, na mteremko mkubwa atakaoujua ni ule wa kushukia feri. Vilima vya Shimba, huko Kwale, viko kilomita 33 hivi kusini-magharibi mwa mji, lakini vinainuka ghafla kutoka uwanda wa pwani hadi zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Moyo na mapafu ya mkimbiaji wa mjini huweza kuhimili kilima hicho. Mapaja yake ndiyo ambayo hayajawahi kufundishwa kushika breki.

Unapopanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja hujikunja na kufupika huku ukisukuma mwili juu. Unaposhuka, msuli uleule hukaza ili goti lisikunjike ukaanguka, na papo hapo uzito wa mwili unauvuta urefuke. Aliyewahi kuteremsha gunia kwa kamba kutoka ghorofani ataelewa. Kulivuta juu kunachosha mikono, lakini kuliteremsha polepole ndiko kunakochuna viganja. Ndani ya msuli, nyuzinyuzi ndogo sana huchanika, kisha mwili hutuma maji na chembe za kukarabati, na eneo lote huvimba kidogo na kuuma likiguswa. Hayo huchukua muda, ndiyo maana mtu hukimbia Jumamosi, hulala vizuri, halafu Jumatatu hawezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72.

Wengi huniambia ni "asidi imejaa miguuni". Sivyo. Asidi ya laktiki huondoka misulini takribani saa moja baada ya kupumzika, hivyo haiwezi kulaumiwa kwa maumivu ya siku ya pili.

Kuna na kishindo. Watafiti wa Marekani waliopima jambo hili mwaka 2005 walikuta kwamba kwenye mteremko wa nyuzi 9, kishindo cha mguu unapotua kilizidi kile cha tambarare kwa asilimia 54. Sasa zidisha kwa maelfu ya hatua.

Habari njema, na ndiyo iliyonifanya niandike, ni kwamba msuli hujifunza haraka kuliko tunavyodhani. Ukiushughulisha kwa kushuka mara moja tu, kwa kipimo kidogo, mara ya pili hutaumia kama mara ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Huhitaji mlima kufanya hivyo. Unahitaji ngazi. Wenye kukaa ghorofa za Tudor au Kizingo wanazo mlangoni kwao, na siku lifti imekufa huzitumia bila kupenda. Panda kwa kutembea, ushuke kwa hatua nyepesi za haraka, ghorofa nne, mara tano. Usirudie kesho yake. Pumzika siku mbili au tatu, kisha ongeza mzunguko mmoja au miwili. Fanya hivyo wiki tatu kabla ya kwenda Kwale, na kama nafasi ipo, nenda mara moja mapema ukashuke kilima kimoja kifupi, urudi nyumbani. Anayekaa nyumba ya chini na atafute kigoda imara: asimame juu kwa mguu mmoja, agonge sakafu taratibu kwa kisigino cha mguu wa pili, kisha ainuke. Mara kumi kila mguu. Inaonekana kazi ya mtoto hadi ufike mara ya saba.

Ukiwa kwenye mteremko wenyewe, kosa kubwa ni kujirudisha nyuma na kutupa kisigino mbele. Woga ndio unaofanya hivyo, na kila kisigino kinachotupwa mbele ni breki inayokwenda moja kwa moja kwenye goti na paja. Fupisha hatua, ziongeze idadi, mwili uelekee mbele kidogo, mikono iwe wazi pembeni kama ya mtu anayepita juu ya ubao wa jahazi. Macho yasitazame vidole. Yatazame mita tatu au nne mbele, maana mizizi iliyo chini yako umeshaipita. Viatu viache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na kamba za juu zikazwe, la sivyo kucha zitageuka nyeusi. Baada ya mvua za masika majani yaliyooza hufunika udongo na huteleza kama sabuni. Hapo tembea, hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache.

Watu hudhani msituni joto haliwezi kuwaumiza kwa kuwa kuna kivuli. Kivuli kipo, lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho hudondoka tu chini na joto hubaki ndani. Tulishaliona hili wenyewe hapa Mombasa tarehe 24 Machi 2007, yalipofanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu kwa miaka mitano mfululizo, aliacha njiani kwa joto na unyevu ule, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Ikiwa bingwa alisimama, wewe wa Jumamosi una haki ya kusimama. Mwenzako akianza kuyumba, kujibu maneno yasiyoeleweka au kugombana bila sababu, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na mpepee hapohapo, huku mwingine akiita msaada. Mpoze kwanza, gari baadaye.

Kuhusu kunywa, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja. Kilo moja iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho. Hapo utajua mwili wako unataka nini, badala ya kujilazimisha kumimina maji tu, maana maji mengi mno bila chumvi nayo ni hatari. Dafu nalipenda kuliko kinywaji chochote cha chupa, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Baada ya mbio ndefu lifuatishe na kitu chenye chumvi, hata karanga za kukaanga. Na tafadhali usimeze ibuprofeni au diklofenaki kabla ya kukimbia ili "kuzuia maumivu". Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huzibana figo. Mkojo ukitoka rangi ya strungi siku moja au mbili baada ya mbio, usingoje: huenda msuli umevunjika kiasi cha kuziba figo, na hiyo ni kazi ya hospitali siku hiyohiyo.

Wapi pa kukimbilia? Hifadhi ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, ni makao ya ndovu na nyati, na ni mahali pekee nchini Kenya palipobaki palahala wa porini, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda. Humo huingii na viatu vyako tu. Kikundi huzungumza mapema na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na hufuatana na askari, kama wafanyavyo wanaotembea kwenda maporomoko ya Sheldrick. Njia ile, kwa bahati mbaya ya mapaja, huanza kwa kushuka. Vijia vya vijijini nje ya hifadhi ni huru zaidi, lakini ukiona msitu mnene uliozungukwa na mashamba, uliza kwanza. Huenda ni kaya, yaani msitu mtakatifu, na kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, si uwanja wa mazoezi. Anayeanza kabisa aende kwanza kwenye vijia vya Bamburi, chini ya mivinje iliyooteshwa katika machimbo ya zamani ya mawe.

Limebaki la kifundo cha mguu, jeraha la pili kwa wingi mezani kwangu. Mguu hujipinda kwa ndani, kano za nje huvutika au kukatika, na jioni hiyohiyo mgonjwa hupelekwa kwa mkandaji achuliwe na mafuta ya moto. Siwachukii wakandaji, bibi yangu alikuwa mmoja wao, na mgongo uliokaza alikuwa akiuweza kuliko mimi. Lakini mteguko mpya usichuliwe siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu kuchua huongeza damu na uvimbe. Ufunge kwa bandeji ya kuvutika, uuinue juu ya mto, kisha kesho yake uanze kuuchezesha taratibu. Ukishindwa kutembea hatua nne, au mfupa wenyewe wa kifundo ukiuma unapobonyezwa kwa nyuma, nenda ukapigwe picha.

Yule kijana wa ngazi sikumfanyia mengi. Nilimwambia atembee tambarare dakika ishirini kila siku, aende baharini ajitose hadi kiunoni, na asirudi mlimani mpaka aweze kushuka ngazi zetu akitazama mbele. Alhamisi alipita kliniki bila miadi, akasimama juu kabisa, akaniita nitoke nitazame.