Makato ya mbio za farasi, kwa hesabu ya mkulima wa korosho

Mtwara hatuna uwanja wa mbio za farasi. Farasi tunaowajua wengi wetu ni wale wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti, wasiokula majani wala kuumwa. Hata hivyo, mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba anaielewa biashara hii kuliko anavyodhani, kwa sababu kiini chake ni makato: ukate kiasi gani bila kumfukuza mteja.

Kwenye uwanja halisi, madau hutiwa katika mfuko mmoja. Uwanja hukata asilimia yake kwanza, kinachobaki ndicho wanachogawana waliopatia. Sehemu ya makato hulipa zawadi za washindi. Zawadi zikiwa ndogo, wenye farasi huhamia kwingine, na mbio za farasi wanne hazimsisimui mtu. Kwa hiyo anayetaka kuongeza makato si lazima awe mlafi.

Tatizo ni kwamba anayebeti hachezi mara moja. Akipata, hurudisha. Chukua shilingi 1,000 zikizungushwa mara tano: makato yakiwa asilimia 16, kwa wastani hubaki kama 418. Yakiwa asilimia 22, hubaki 289. Mgeni huishiwa mapema, anaondoka kabla hajashika hata jina la farasi mmoja. Na huyo ndiye uliyemtaka awe shabiki kwa miaka 20!

Uwanja wa Keeneland, Kentucky, Marekani, ulijaribu. Oktoba 2017 makato ya dau la mshindi yalipanda kutoka asilimia 16 hadi 17.5. Wabetiji wazoefu, wanaopiga hesabu kama karani wa ghala, walinung'unika, na fedha zilizobetiwa zikashuka. Mwaka 2018 uwanja ukarudi kwenye 16. Huku kwetu tunalijua hilo: makato yakizidi, korosho hupita uani kwa kangomba, mnunuzi wa nje ya mfumo rasmi. Kangomba wa mbio za farasi ni kasino na mikeka ya mpira.

Happy Valley, Hong Kong, wamefungua mlango kwa njia nyingine. Mbio za Jumatano usiku, bia na muziki vipo, na kiingilio cha kawaida kimekuwa dola 10 za huko, bei ya kutupa kwa jiji ghali kama lile. Getini hawatajirikii, wanangoja mfuko wa madau.

Mpira nao ni hivyo: siku Simba au Yanga inapokuja Ruangwa kucheza na Namungo, tiketi itauzika hata ikipanda bei. Mimi huangalia nani amekaa jukwaani wiki inayofuata, mgeni akiwa timu isiyo na shabiki hata mmoja Lindi.