Ushirikiano wa kikanda: maana yake katika nchi za Kiarabu

Ukisikia "ushirikiano wa kikanda" kwenye taarifa ya habari, picha inayoonyeshwa mara nyingi ni ya viongozi waliosimama mstari mmoja. Picha hiyo haielezi kitu. Kwa afisa wa forodha, mhandisi wa umeme au mhasibu wa mfuko wa pensheni, maana yake ni nyepesi: nchi mbili au zaidi zimekubali kanuni moja kuhusu kitu kinachovuka mpaka, kiwe bidhaa, umeme, gesi, fedha au mtu. Kanuni isipokuwapo, au ikiwapo kila nchi ikaisoma kivyake, mkataba unabaki karatasi.

Nchi za Kiarabu zinafaa kujifunzia dhana hii kwa sababu zilianza kutia saini mapema. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliundwa Cairo mwezi Machi 1945, miaka 12 kabla ya Mkataba wa Roma uliozaa soko la pamoja la Ulaya. Leo ina wanachama 22, wakiwemo Somalia, Djibouti na Komoro. Mwaka 1950 ukaja mkataba wa ulinzi na ushirikiano wa kiuchumi, na mwaka 1964 soko la pamoja likatangazwa. Hata hivyo biashara ya nchi za Kiarabu zenyewe kwa zenyewe imebaki kuwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya biashara yao yote. Mafuta na gesi vinakwenda Asia na Ulaya, mashine na nafaka zinatoka huko huko. Jirani hana cha kumuuzia jirani, au anacho lakini hakipiti mpakani.

Wachumi hupanga ushirikiano wa biashara kwa ngazi. Katika eneo huru la biashara, wanachama wanaondoleana ushuru wao kwa wao, lakini kila mmoja anabaki na ushuru wake kwa bidhaa za nje. Umoja wa forodha unaongeza ushuru mmoja wa pamoja kwa bidhaa za nje. Soko la pamoja linaruhusu pia watu, mitaji na huduma kuvuka, na juu kabisa kuna umoja wa fedha. Msomaji wa Afrika Mashariki anazijua ngazi hizi kwa majina ya itifaki za Arusha: umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010. Waarabu kwa ujumla wao wako ngazi ya kwanza. Nchi sita za Ghuba peke yake ndizo zilizopanda zaidi.

Ngazi hiyo ya kwanza ni Eneo Kuu Huru la Biashara la Kiarabu. Lilianza 1 Januari 1998 kwa mpango wa kupunguza ushuru asilimia 10 kila mwaka kwa miaka kumi. Baadaye mwendo ukaharakishwa, na ushuru ukafutwa kuanzia 1 Januari 2005, huku Sudan na Yemen zikipewa muda zaidi. Algeria iliingia 2009 na kufanya idadi kuwa 18. Katika miaka ya mpito kulikuwa na kitu kilichoitwa kalenda ya kilimo: nchi iliweza kurudisha ushuru kwa mazao fulani katika miezi ya mavuno yake. Yaani nyanya ya jirani ilikaribishwa wakati ambao jirani naye hakuwa na nyanya.

Ushuru ukishafutwa, swali linalobaki forodhani ni moja: bidhaa hii ni ya Kiarabu kweli? Bila swali hilo mtu angeingiza shehena kutoka China kupitia nchi yenye ushuru mdogo, akabandika lebo mpya na kuivusha bure. Jibu linatolewa na kanuni ya uasili: angalau asilimia 40 ya thamani ya bidhaa inapotoka kiwandani iwe imeongezwa katika nchi wanachama, na kila shehena iwe na cheti cha uasili kinachothibitisha hivyo.

Tuifanye hesabu. Tuseme kiwanda cha sabuni Jordan kinauza katoni moja kwa dinari 100 mlangoni. Ndani yake kuna mafuta ya mawese ya Malaysia ya dinari 48, manukato ya Ufaransa ya dinari 6, na karatasi na maboksi ya China ya dinari 9. Jumla ya vitu vya nje ni 63, inabaki 37. Sabuni hiyo si ya Kiarabu, na inalipa ushuru Misri kama sabuni ya mgeni yeyote. Mwenye kiwanda akibadili maboksi akanunua ya Misri, yale 9 yanahesabiwa kuwa ya ndani kwa kuwa malighafi ya nchi mwanachama inajumlishwa. Vitu vya nje vinashuka hadi 54, thamani ya ndani inakuwa 46, na katoni inapita.

Ubaya wa kanuni hii ni kwamba inategemea bei, na bei hazitulii. Mawese yakipanda kwa robo, yanafika dinari 60. Pamoja na manukato ni 66, inabaki 34. Kiwanda ni kile kile, wafanyakazi wale wale, sabuni ile ile, lakini uasili umepotea. Ili aurudishe bila kubadili kitu, mwenye kiwanda apandishe bei hadi dinari 110, ndipo asilimia 40 inatimia barabara, na kwa bei hiyo huenda asipate mnunuzi. Ndiyo maana mikataba mingine hutumia vigezo vya kina kwa kila aina ya bidhaa: uzi lazima usokotwe hapa, kitambaa kifumwe hapa. Misri, Jordan, Morocco na Tunisia zilifuata njia hiyo katika Mkataba wa Agadir wa 2004, kwa kutumia kanuni za uasili za Ulaya na Mediterania. Inachosha zaidi kuisoma, lakini haiyumbi na soko la mawese.

Cheti kikiwa sahihi, mzigo bado unaweza kukwama. Kuna maabara inayotaka kupima upya kilichopimwa jana upande wa pili, na kuna lebo inayotakiwa maneno tofauti. Dereva naye anaweza kukosa viza, au lori likakatazwa kuvuka ikabidi mzigo ushushwe na kupakiwa upya kwenye lori la upande wa pili. Hivi ndivyo vikwazo visivyo vya kiforodha, na kwa maoni yetu ndivyo vilivyokula sehemu kubwa ya faida ya 2005. Kufuta ushuru ni kazi ya tangazo moja la serikali. Kumfanya mkaguzi wa mpakani aamini muhuri wa mwenzake ni kazi ya miaka.

Sasa Ghuba. Baraza la Ushirikiano la Ghuba liliundwa Abu Dhabi tarehe 25 Mei 1981 na Saudi Arabia, Kuwait, Bahrain, Qatar, Umoja wa Falme za Kiarabu na Oman. Umoja wao wa forodha ulianza 2003 kwa ushuru wa pamoja wa asilimia 5 kwa bidhaa nyingi. Mzigo unalipiwa katika bandari ya kwanza na baada ya hapo unatembea. Soko la pamoja likafuata 2008. Umoja wa fedha ulikwama: Oman ilijitoa mapema, Falme za Kiarabu zikajitoa 2009. Mwezi Julai 2021 Saudi Arabia ilikaza masharti kwa bidhaa zinazotoka kwa majirani zake hao hao, na zile zinazotengenezwa katika maeneo maalumu ya viwanda yasiyotozwa ushuru (free zones) zikanyimwa nafuu ya ushuru. Anayenunua Dubai kwa ajili ya Kariakoo haguswi na hilo, lakini mwenye kiwanda Jebel Ali, eneo la aina hiyo huko Dubai, aliyekuwa akitegemea soko la Riyadh aliguswa sana.

Kazi nzuri kuliko zote ya Ghuba, ukituuliza sisi, haimo kwenye ushuru. Ni waya. Mamlaka ya kuunganisha gridi, yenye makao Dammam, iliundwa 2001, na mwaka 2009 Kuwait, Saudi Arabia, Bahrain na Qatar ziliunganishwa kwa njia ya kilovolti 400. Bahrain, kwa kuwa ni kisiwa, inafikiwa kwa kebo ya chini ya bahari. Falme za Kiarabu zikaunganishwa 2011, na Oman ikaingia kupitia kwao.

Tatizo lilikuwa Saudi Arabia. Majirani wote wanazalisha umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, yeye anatumia hezi 60. Gridi mbili za masafa tofauti haziungwi moja kwa moja; mawimbi yao hayaendi pamoja, na ukizigusanisha mitambo inajikata au inaungua. Dawa ni kituo cha Al Fadhili, mashariki mwa nchi hiyo. Umeme wa hezi 50 unaingia upande mmoja, unageuzwa kuwa mkondo mnyoofu ambao hauna masafa kabisa, kisha unageuzwa tena kuwa wa hezi 60 upande wa pili. Yote yanafanyika ndani ya uzio mmoja, kwa vizio vitatu vya megawati 600, jumla 1,800.

Faida yake inahitaji kueleweka vizuri. Nchi hizi zina joto kali kwa pamoja, viyoyozi vinawashwa miezi ile ile, kwa hiyo hakuna mwenye umeme mwingi wa ziada mwezi Agosti wa kumuuzia jirani. Wanachogawana ni akiba. Kila gridi lazima iwe na mitambo inayozunguka tayari, ikisubiri mtambo mkubwa uzime ghafla. Wakiwa sita kwenye waya mmoja, kila mmoja anahitaji akiba ndogo, maana si rahisi mitambo mikubwa ya nchi zote izime saa moja. Mtambo wa Kuwait ukianguka, megawati zinamiminika zenyewe kutoka kwa majirani ndani ya sekunde, kabla hakujapigwa simu yoyote. Deni hilo kwa muda mrefu limekuwa likilipwa kwa umeme kwa umeme, kama mtu aliyeazima kibaba cha unga. Kuuziana kwa fedha kulikuwa kugumu kwa sababu kila serikali inatoa ruzuku yake ya gesi, na hakuna anayetaka ruzuku yake iishie kwenye kiyoyozi cha jirani.

Vitu vya namna hii huvumilia ugomvi. Qatar ilipofungiwa mipaka na majirani zake kuanzia Juni 2017 hadi Januari 2021, bomba la Dolphin liliendelea kupeleka gesi yake Falme za Kiarabu, nchi iliyokuwa miongoni mwa walioifungia. Lakini si kila bomba lina bahati hiyo. Algeria ilipeleka sehemu ya gesi yake Hispania kupitia Morocco hadi mkataba ulipoisha 31 Oktoba 2021, miezi miwili baada ya kuvunja uhusiano wa kibalozi, na haukuhuishwa. Algeria ilibaki na bomba jingine la moja kwa moja chini ya bahari. Dolphin haikuwa na mbadala, na huo ndio ulinzi wake. Umoja wa Maghreb ya Kiarabu, ambao nchi hizo mbili ni wanachama na uliozaliwa Marrakech mwaka 1989, haujafanya mkutano wa wakuu wa nchi tangu 1994.

Upande wa fedha kuna Mfuko wa Kiarabu wa Maendeleo ya Kiuchumi na Kijamii, Kuwait, uliokubaliwa 1968 na kuanza kazi 1974. Unakopesha kwa dinari za Kuwait kwa ajili ya barabara, maji na umeme, na mkopaji lazima akumbuke kuwa deni lipo kwa sarafu ngumu hata kama barabara inaingiza mapato kwa pauni ya nyumbani. Watu huuchanganya na Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, iliyoundwa kufuatia uamuzi wa 1973, ambayo inakopesha nchi za Afrika zisizo wanachama wa Jumuiya ya Kiarabu, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo.

Neno "kijamii" katika jina la mfuko huo wa Kuwait ndilo lililopewa uzito mdogo. Mfano mzuri upo: raia wa Oman anayefanya kazi Kuwait anaendelea kuchangiwa pensheni katika mfuko wa kwao, na mwajiri wa Kuwait ndiye anayewajibika kukata na kupeleka. Utaratibu huo unawahusu raia wa nchi sita tu. Dada wa kazi kutoka Mombasa na mlinzi kutoka Kampala hawamo, ingawa katika nchi kama Qatar na Falme za Kiarabu wageni ndio wengi wa wakazi.

Mkutano wa Kuwait wa Januari 2009 ulilenga umoja wa forodha wa Waarabu wote ufikapo 2015 na soko la pamoja 2020. Tarehe zote mbili zimepita. Siku umoja huo wa forodha utakapokuja, Somalia itakuwa na jambo la kuamua. Tangu 2024 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ushuru wake wa pamoja una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi inaweza kuwa katika maeneo huru ya biashara mawili au matatu kwa wakati mmoja, lakini bandari ya Mogadishu haiwezi kutoza kontena moja kwa vitabu viwili vya ushuru.